Lebo ya Shangazi

Shangazi aliingia dukani ameshika pakiti mbili za dagaa, akaziweka juu ya kaunta, moja kulia na nyingine kushoto. Nilimwamkia. Hakuitikia. Akasema tu, "Mwanangu, nionyeshe ya kwangu ni ipi."

Nikazitazama. Zote mbili zilikuwa na mtumbwi uleule, taa ileile, milima ileile ya buluu kwa nyuma, na mawimbi yaleyale niliyoyachora mwenyewe usiku mmoja umeme ukikatika na kurudi. Zote zilibeba jina la marehemu bibi yetu, mama yake shangazi, ila moja ilikuwa na herufi iliyozidi. Ilinichukua muda kuiona. Shangazi hasomi vizuri bila miwani, lakini tofauti alikuwa ameshaijua kwa njia yake. Alifungua pakiti ya kushoto, akanipa dagaa mmoja, akaniambia, "Tafuna."

Hakuwa dagaa wa kwetu. Alikuwa mdogo, mchungu kwa mbali, wa Ziwa Victoria. Si kwamba dagaa wa Mwanza hawana wenyewe. Wanaliwa na watu wengi na wana soko lao. Lakini mtu aliyelipa bei ya dagaa wa Kigoma akapewa wale, ameibiwa. Na aliyeandikwa kwenye pakiti kuwa ndiye mwizi alikuwa bibi yangu aliye kaburini.

Ilikuwa Julai 2024. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma, kulikuwa kimya. Chanja za kuanikia zilikuwa tupu, mitumbwi imepandishwa mchangani, na akina mama waliozoea kugeuza dagaa tangu jua linachomoza walikuwa wanauza nyanya na mihogo. Shangazi alimaliza akiba yake mwanzoni mwa Juni. Kwa hiyo mteja wake wa Dar es Salaam alipompigia kulalamika kwamba mzigo wa safari hii una ladha nyingine, shangazi alimjibu, "Mzigo gani? Mimi sina mzigo." Mteja akairudisha pakiti moja kwa kondakta wa basi. Ndiyo ile ya kushoto.

Nilifungua daftari la kazi la dukani. Juni, wiki ya pili, kwa mwandiko wa kijana ninayefanya naye kazi: "Stika 400, dagaa, imelipwa." Mstari ule nilikuwa nimeshauona. Nilidhani ni oda ya shangazi, nikapita bila kuuliza.

Lebo ya uongo ilikuwa imetoka dukani kwangu.

*

Duka langu liko Mwanga, si mbali na soko. Ni steshenari kama nyingine: natoa kopi, naskani, napiga picha za pasipoti, nafanya laminesheni. Lakini kazi ninayoipenda ni lebo. Wananijia watu wa asali kutoka Kibondo, wa kahawa kutoka Buhigwe, wa sabuni za mawese kutoka Ujiji, wa mawese yenyewe. Mtu anakuja na chupa tupu na jina kichwani, anaondoka na kitu kinachoweza kukaa kwenye rafu ya duka la mjini. Nimeona mama mmoja akilia aliposhika stika zake kwa mara ya kwanza.

Mafaili yote hayo huwa yanabaki kwenye kompyuta yangu. Ndivyo steshenari zote zinavyofanya. Mteja akirudi baada ya miezi minne, unafungua, unabadilisha tarehe, unaprinti. Na kazi nzuri unaibandika ukutani iwe sampuli. Mfanyabiashara aliyezichukua stika zile 400 aliingia nikiwa Kasulu kwenye msiba, akaona lebo ya shangazi ukutani, akamwambia kijana, "Nitengenezee kama hii." Kijana akafungua faili, akaongeza herufi moja, akabadilisha namba ya simu, akaprinti. Hakuficha kitu. Aliandika daftarini na hela akaiweka. Nilipomuuliza alishangaa kweli kweli: "Lakini dada, si hata kadi za harusi tunafanya hivyohivyo?"

Alisema kweli. Tunafanya hivyohivyo. Ndiyo maana sikuweza kumfukuza, na ndiyo maana naandika haya.

*

Kitu cha kwanza shangazi alichosema alipotulia ni, "Mimi nimesajiliwa." Akatoa kwenye mkoba cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kimewekwa ndani ya nailoni, kimekunjwa mara nne. Ni cheti cha jina la biashara, kinachotolewa chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213. Anacho pia TIN, na anayo leseni ya biashara kutoka Manispaa ya Kigoma Ujiji. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa na wanaojua.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia, na ningependa kupaeleza polepole. Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara. TIN ni namba ya kukutambulisha kwa mtoza kodi. Cheti cha jina la biashara kinaeleza kwamba mtu fulani, mwenye kitambulisho fulani, anafanya biashara kwa jina hili badala ya jina lake la kuzaliwa. Kinamsaidia kufungua akaunti benki, kuandika risiti na kupewa zabuni ndogo. Msajili pia hatampa mtu mwingine jina lilelile. Lakini hakifanyi jina lile kuwa ua lililozungushiwa bidhaa. Mtu akienda kulibandika kwenye pakiti yake, cheti hicho peke yake hakimzuii. Wala hakimgeuzi mwenye nacho kuwa kampuni: shangazi akidaiwa, anadaiwa yeye mwenyewe, kwa mali yake mwenyewe.

Kinacholinda jina kwenye pakiti ni alama ya biashara. Nayo husajiliwa BRELA hukohuko, ila kwa sheria nyingine, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na kwa maombi mengine kabisa. Mtu mmoja anaweza kuwa na cheti cha kwanza kwa miaka ishirini na asijue kwamba hiki cha pili kipo. Shangazi alikuwa hajui. Mimi niliyemchorea lebo nilikuwa nimeshawahi kulisikia neno hilo, nikaona ni mambo ya viwanda vikubwa vya soda na sigara.

Siyo ya viwanda tu. Mtu mmoja mwenye chanja tatu Kibirizi anaweza kuomba, kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, kupitia mfumo wa BRELA wa mtandaoni. Unaomba kwa daraja la bidhaa. Bidhaa na huduma zote duniani zimegawanywa katika madaraja 45, na ukisajili kwa daraja moja umelindwa kwa vitu vya humo. Dagaa waliokaushwa wako daraja la 29, na mafuta ya kula, mawese yetu yakiwemo, yako nayo daraja hilohilo. Asali iko la 30. Sabuni iko la 3. Kwa hiyo shangazi aliponiuliza kama akianza kuuza na mawese itabidi aombe upya, nilifurahi kumjibu kwamba akiyataja kwenye maombi yaleyale, yanaingia. Lakini dada wa sabuni wa Ujiji, akitaka kuongeza asali, itabidi aombe daraja la pili na alipie.

Maombi yakishakaguliwa na kukubaliwa hutangazwa, na watu hupewa siku 60 za kupinga. Asipotokea mpingaji, unapewa cheti kinachoishi miaka saba. Baada ya hapo unahuisha kila miaka kumi, hata milele kama biashara ipo.

Jina lenyewe ndilo linalohitaji akili. Shangazi alitaka kusajili maneno yote yaliyo kwenye lebo, pamoja na "Dagaa wa Kigoma" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Nilimwambia hayo ayaache, na nafurahi kwamba ndivyo ilivyo. Dagaa ni jina la kitu na Kigoma ni jina la mji. Kila mama anayeanika pale Kibirizi au Katonga ana haki ya kusema anachouza na kinakotoka. Sheria ya alama inatafuta neno linalomtofautisha muuzaji mmoja na mwenzake, na neno linaloeleza tu bidhaa au mahali halifanyi kazi hiyo. Jina la bibi linaifanya. Ni jina la zamani, halina maana ya samaki wala ya ziwa, na hapa mjini anayelisikia anamfikiria shangazi. Jina lisiloeleza bidhaa ndilo linalolindika vizuri zaidi, na wateja wangu wengi wanafanya kinyume. Wanakuja na "Asali Safi", "Mawese Bora", "Sabuni Nzuri". Siku hizi nawauliza kwanza bibi zao wanaitwa nani.

Na alama ya biashara ina mipaka ya ramani. Cheti cha BRELA kinafanya kazi Tanzania Bara. Zanzibar ina ofisi yake. Burundi ina yake, Congo ina yake. Sisi ambao mzigo wetu unavuka mpaka wa Manyovu kwa gari au unapanda boti kwenda upande wa pili wa ziwa tusijidanganye kwamba cheti kinavuka nao.

*

Tulimpata yule mfanyabiashara. Alikuwa kijana mgeni, amepanga chumba karibu na stesheni. Hakukimbia. Alitukaribisha viti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akatoka na karatasi. "Dada, mimi nililipa. Risiti yako hii hapa."

Ilikuwa risiti yangu, na mhuri wa duka langu.

Kuhusu dagaa hakuwa na la kusema. Alijua alichokipaki. Lakini kuhusu lebo aliamini kwa moyo wake kwamba ameinunua, kama vile mtu anavyonunua shati. Nami kwa mara ya kwanza nikajiuliza kwa uzito: aliponilipa, alinunua nini? Na shangazi aliponilipa miaka mitatu kabla yake, yeye alinunua nini?

Jibu liko kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218. Mchoro unapata hakimiliki papo hapo unapochorwa. Hauhitaji kusajiliwa popote. Hilo limo pia kwenye Mkataba wa Berne, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994. Mwenye haki wa kwanza ni aliyechora, na haki hiyo inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ofisi ya hakimiliki, COSOTA, inapokea usajili wa kazi za sanaa, na ni vizuri kusajili kwa sababu unapata ushahidi wa tarehe. Ila siyo usajili unaoizaa haki.

Kwa hiyo aliyenunua stika 400 alinunua karatasi 400 zenye gundi. Haki ya kuuzalisha mchoro tena, kuubadilisha, kuongeza herufi na kuutumia kwenye bidhaa nyingine ni mali tofauti na karatasi, na haihami kwa risiti. Inahamishwa kwa maandishi yaliyotiwa saini, yanayotaja haki ipi inahama.

Sasa tazama hilo linavyomuuma shangazi. Yeye naye hakuwa na maandishi hayo. Nilimchorea, akanitumia hela kwa simu, nikampa stika, tukashukuriana. Kwa miaka mitatu alikuwa anauza kwa mchoro ambao kwa karatasi hakuna mahali palipoandikwa kuwa ni wake. Kama mimi na yeye tungegombana, au kama mimi ningekufa na duka likachukuliwa na mtu mwingine, lebo yake ingekuwa mikononi mwa mgeni. Tulikuwa tunategemea undugu. Undugu ulikuwa imara. Lakini kijana wangu hakuwa ndani ya undugu ule. Yeye aliona faili.

Na kuna mipaka ambayo inabidi niiseme, maana nilipoyajua haya kidogo nilianza kuwa mkali kupita kiasi. Hakimiliki hailindi wazo. Kuweka mtumbwi na taa kwenye lebo ya dagaa siyo wazo langu. Dagaa wa hapa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi za sola, na yeyote anayetaka kuonyesha dagaa atachora hivyo. Ninachomiliki ni mtumbwi huu, jinsi omo yake ilivyopinda, jinsi mwanga ulivyoangukia maji. Mwingine akikaa chini akachora wa kwake, sina neno naye. Jina nalo halilindwi na hakimiliki. Hiyo ni kazi ya alama ya biashara. Watu wanazichanganya hizi mbili kila siku, hata wenye elimu. Wanasema "nimeweka hakimiliki kwenye jina langu". Jina linakwenda BRELA. Mchoro, picha, wimbo na maandishi vinakwenda chini ya hakimiliki. Lebo moja ndogo inaweza kubeba vyote viwili kwa pamoja, na kila kimoja kinafuata njia yake.

Kulikuwa na kitu cha tatu kwenye lebo ile kilichoninyima usingizi kuliko vyote. Pembeni chini palikuwa na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Shangazi aliipata kwa jasho, baada ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kumshauri jinsi ya kuboresha chanja zake na ufungashaji. Ile alama ilikuwa sehemu ya faili, na kijana hakuifuta. Ina maana duka langu liliprinti alama ya ubora mara 400 kwa bidhaa ambayo hakuna mkaguzi aliyewahi kuigusa. Hilo si suala la kugombania mchoro tena. Ni kosa la jinai. Kwamba mimi sikuwepo huenda kusingenisaidia sana, maana duka ni langu.

*

Tulikaa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Angetaka, shangazi angeweza kwenda mahakamani hata bila alama iliyosajiliwa, kwa kudai kwamba yule mfanyabiashara ameuza bidhaa yake mwenyewe akiipitisha kama ya shangazi. Lakini mzigo wa kuthibitisha ungekuwa wa shangazi: kwamba jina lake linajulikana kwa wanunuzi, kwamba wanunuzi walidanganyika, na kwamba amepata hasara. Mwenye cheti cha alama hana haja ya safari yote hiyo, anaonyesha cheti na pakiti. Shangazi alifikiri, akasema hataki kesi. Alitaka vitu viwili: stika zilizobaki, na mfanyabiashara ampigie simu mteja wa Dar es Salaam aseme kwa mdomo wake kwamba ule mzigo haukuwa wa shangazi. Mfanyabiashara akapiga mbele yetu, sauti imewekwa kila mtu asikie. Stika zilizobaki zilikuwa 170. Nilimrudishia hela zote za 400, kwa sababu sikuona namna ya kukaa na pesa ile.

Mteja alielewa. Hata hivyo hakuagiza tena mpaka Desemba, ziwa lilipokuwa limefunguliwa miezi minne.

Wiki iliyofuata nilikaa kuandika karatasi ya duka, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Watu wanaogopa neno mkataba wakidhani lazima liwe na mwanasheria na Kiingereza. Kwa sheria yetu hata makubaliano ya mdomo ni mkataba, mradi watu wazima wamekubaliana kwa hiari yao kuhusu jambo halali. Tatizo la mdomo ni siku ya ubishi, kila mmoja anakumbuka lake. Meseji za WhatsApp na ujumbe wa malipo ya simu navyo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inavitambua, kwa hiyo usifute ovyo. Lakini karatasi yenye saini mbili haihitaji kutafutwa kwenye simu iliyoanguka majini.

Nimeandika hivi, na anayetaka aichukue atumie: "Mimi, mchoraji, nimemchorea mteja lebo iliyobandikwa hapa chini. Amenilipa kiasi hiki. Kuanzia leo nimemhamishia haki zote za kunakili, kubadilisha na kutumia mchoro huu kwa bidhaa zake zote. Duka halitaprinti mchoro huu kwa mtu mwingine yeyote. Duka litaweka sampuli ukutani pale tu mteja atakapokubali. Faili amekabidhiwa mteja." Halafu tarehe, saini, shahidi, na lebo yenyewe imebandikwa ili kesho mtu asiseme walizungumzia mchoro mwingine. Kwa wasioandika tunaweka dole gumba, nikiwa nimewasomea yote kwa sauti.

Sehemu ya haki inaweza kuwa tofauti. Kuna mteja anayetaka bei ndogo. Kwake naandika kwamba haki inabaki kwangu, yeye anapewa ruhusa ya kutumia mchoro kwa bidhaa moja kwa miaka miwili. Ni sawa pia. Kinachotakiwa ni wote wawili wajue ni kipi kilichouzwa. Na kijana wangu tumeandikiana naye kwamba anavyovichora akiwa kazini haki zake za mapato ni za duka, na jina lake litajwe kila tunapoonyesha kazi hizo. Alilipenda hili la jina kuliko nilivyotarajia. Sheria inampa mchoraji haki ya kutambuliwa hata akishauza vingine vyote, na nadhani kwa kijana wa miaka ishirini na mbili, kuona jina lake chini ya mchoro ni mshahara wa aina nyingine.

*

Nilipokuwa naandaa karatasi ya shangazi nilikwama kwenye milima. Ile milima ya buluu nyuma ya mtumbwi. Mtumbwi nilichora, mawimbi nilichora. Milima, nilipokumbuka vizuri, niliitoa kwenye intaneti. Niliandika "milima na ziwa" kwenye Google, nikachukua picha ya kwanza nzuri, nikaipaka buluu. Sijui ni milima ya nchi gani. Kuna mtu aliamka asubuhi akapanda mahali akapiga picha ile, na mimi nilikuwa tayari kuandika kwa saini yangu kwamba namhamishia shangazi haki zote.

Nisingeweza. Huwezi kuuza usichokuwa nacho. Picha kuonekana Google hakuifanyi iwe ya wote, kama vile mbuzi kuonekana barabarani hakumfanyi awe hana mwenyewe. Nilikwenda Kibirizi jioni, nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikachora vilima vya Congo jinsi vinavyoonekana ng'ambo ya ziwa hewa ikiwa safi. Lebo ya sasa ina vilima vya kweli.

Toka hapo nimeibadilisha tabia ya duka zima, na imenigharimu. Nilikuwa naingiza nyimbo kwenye memori kadi kwa hela ndogo, nimeacha. Wanamuziki wale hawakuwa wananipa nyimbo, na sheria inayomlinda shangazi ndiyo inayowalinda wao. Vitabu vimenipa shida zaidi. Mwalimu anakuja na kitabu kimoja cha kiada anataka nakala 40 nzima, jalada kwa jalada, kwa sababu shule ina vitabu vitatu. Kumkatalia mtu wa namna hiyo kunauma. Sheria inaachia mtu nakala kwa matumizi yake binafsi, na inaachia kunukuu sehemu kwa kufundishia. Duka kuzalisha kitabu kizima na kukiuza haimo humo. Sasa natoa kurasa za somo la wiki ile, siyo kitabu. Mwalimu mmoja alinielewa. Wengine wamehamia duka la pili, na najua wanatolewa kitabu kizima huko.

Yako pia ambayo ni ya wote, na hayo nayafurahia. Vijana wanaotembeza watalii Ujiji walikuja kutaka fulana zenye picha ya Livingstone na Stanley. Walikutana pale mwaka 1871, na michoro iliyochapwa zama zile imeshapita muda wake wa ulinzi zamani sana. Mtu yeyote anaweza kuitumia bila kuomba. Lakini picha ya mnara wa kumbukumbu aliyoipiga mwenzao wiki iliyopita kwa simu ni ya mwenzao. Walishangaa kwamba kitu cha karne na nusu ni bure na cha juzi kinahitaji ruhusa. Wakamuomba, akakubali, tukaandika karatasi.

*

Siku ya kusaini shangazi alikuja na miwani. Nilimsomea karatasi yote, akaniambia nirudie mstari wa "halitaprinti mchoro huu kwa mtu mwingine yeyote". Nikaurudia. Akasaini. Kijana akasaini kama shahidi. Nikamkabidhi flashi yenye faili, akaigeuza mkononi, akauliza kama mtumbwi umo humu, nikamwambia umo. Akaifunga kwenye pindo la khanga, pale anapofunga hela.

Maombi ya alama ya jina la bibi tulikuwa tumeyatuma asubuhi ileile, kwa kompyuta hii hii.

"Na ile iliyobaki humo ndani?" akauliza, akionyesha kompyuta kwa kidevu.

"Nimeifuta, shangazi."

Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akasogeza miwani juu ya pua.

"Fungua nione."